Anti, nasomea uhasibu ila kozi inayonipa raha ni ya historia, kaka anasema napoteza muda

Shikamoo Anti,

Mimi ni binti wa miaka 22, nyumbani ni Kigoma, Mwanga, nasoma digrii ya uhasibu kwenye chuo kimoja huko nje ya mkoa. Nimemaliza mwaka wa pili, sasa hivi niko likizo namsaidia mama biashara ya dagaa pale Kibirizi. Nimekuwa nikisoma majibu yako muda mrefu, leo na mimi nimeona niandike maana hii ishu inaninyima raha na nyumbani sioni wa kumwambia akanielewa.

Iko hivi. Semista iliyopita tulitakiwa kuchagua kozi moja ya opsheni. Zile ambazo wenzangu wote walizikimbilia, zinazosemekana A ni za kuokota, zilishajaa, nikajikuta historia, historia ya Afrika Mashariki karne ya 19. Kiukweli niliingia darasani nimenuna. Historia niliiachia form four na sikuwahi kuipenda, kwangu ilikuwa ni kukariri miaka na sababu sita za hiki na kile basi.

Sasa Anti yule lekchara siku moja akafika Ujiji. Ujiji yetu hii hii! Bibi yangu anakaa Ujiji, nimekua naenda kule kila Idi, najua kuna makumbusho ya Livingstone na miembe, nikawa naamini stori ya Ujiji ni Stanley kumkuta Livingstone mwaka 1871, imeisha hiyo. Kumbe Stanley alifika kwa kuzunguka mbali kusini kwa sababu Mirambo, yule mtemi wa Wanyamwezi, alikuwa vitani na Waarabu wa Tabora na njia ya kawaida haipitiki. Kumbe pale sokoni Ujiji watu walikuwa wananunua vitu kwa shanga, na sio shanga zozote tu, kila sehemu ina zake zinazokubalika, msafara ukija na aina ambayo watu wa pale hawaitaki mzigo wote hauna kazi. Nikabaki mdomo wazi, maana hiyo si ndo hasara ya kubadilisha fedha tunayosoma kwenye uhasibu kila siku? Kwenye asainmenti nikaandika jinsi mkuu wa msafara angetakiwa kutunza hesabu zake, vitambaa, shanga, nyaya za shaba, ushuru wa kulipa machifu njiani, posho za wapagazi wa Kinyamwezi. Nililala saa tisa usiku siku hiyo na sikusikia usingizi kabisa. Kwenye kozi zangu hilo halijawahi kunitokea.

Likizo hii nikaenda kumuuliza bibi, akanitolea shanga za mama yake kwenye kitambaa, za kuvaa kiunoni, nyekundu zimefifia mpaka zinakaribia rangi ya tofali, halafu akaniambia bibi yake yeye alivushwa ziwa kutoka upande wa Manyema, huko Kongo, akiwa mtoto mdogo wala hakuwahi kujua kwao ni kijiji gani. Hiyo habari hata mzee wangu alikuwa haijui.

Tatizo ni kaka. Yeye ni mhasibu Dar, ndiye anayenilipia sehemu ya ada ambayo mkopo haufiki, na namshukuru sana. Matokeo yalipotoka historia nikapata B+, GPA, yaani wastani wangu wa alama, ikasimama 4.1, akapiga simu anasema umeona, daraja la kwanza unalitupa kwa ajili ya hadithi za Mirambo, bodi ya wahasibu haitakuuliza Mirambo. (Mwaka wa kwanza nilipata C ya takwimu ila hiyo haisemi.) Mzee naye kastaafu reli, anasema msikilize kaka yako ndiye aliyetangulia.

Mwaka wa tatu kuna opsheni moja tena na natakiwa kuchagua kati ya tatu: mwendelezo wa ile historia kwa lekchara yule yule, Kifaransa cha kuanzia, au kozi ya ziada ya kodi ambayo ndo kaka anaitaka. Wakati mwingine nawaza hata nihame nikasome historia moja kwa moja. Daftari la historia nalificha kaka akija, najiona kama mwizi. Naomba unisaidie Anti.

Binti wa Mwanga, Kigoma

*

Marahaba mwanangu, pole na hongera kwa pamoja.

Nianze na jibu usije ukasoma mpaka chini roho iko juu. Chukua historia. Digrii ya uhasibu usiiache. Na hilo daftari litoe lilipo liweke mezani, hujaiba kitu cha mtu.

Sasa tuongee namba, maana kaka yako ni mhasibu na mhasibu anaheshimu namba. Kwenye vyuo vyetu vingi A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, unazidisha na kredit za kozi, yaani uzito wake, unajumlisha, unagawa kwa kredit zote ulizosoma. Digrii ya miaka mitatu inaanzia kredit 360, tuseme 120 kwa mwaka, kwa hiyo mpaka hapo ulipo umebeba 240. Tuseme historia ilikuwa kredit 8. Kupata B+ badala ya A kumekupunguzia pointi moja mara 8, yaani 8, ukigawa kwa 240 ni 0.03. Sifuri nukta sifuri tatu! Ungepata A ungekuwa na 4.13 badala ya 4.1. Ile C ya takwimu uliyoiweka kwenye mabano, tuseme ina kredit 12, ilikuondolea pointi 3 mara 12, ambayo ni 36. Hiyo ndiyo iliyouma, historia inasingiziwa tu.

Twende mbele. Daraja la kwanza ni kuanzia 4.4. 4.4 mara 360 ni 1,584, wewe mpaka sasa una 4.1 mara 240, ambayo ni 984, unabakiza 600. Na 600 kwa kredit 120 maana yake ni 5 kamili, A kwenye kila kozi ya mwaka wa tatu bila kukosa hata moja. Sisemi huwezi, wapo waliofanya, ila kaka ajue daraja la kwanza unalotishiwa kulipoteza linataka A kwenye opsheni pia, iwe historia au kodi. Sasa niulize swali ambalo hajakuuliza mtu: A utaipata kirahisi wapi, kwenye kozi ambayo ulikesha mpaka saa tisa bila kulazimishwa au kwenye kozi unayokwenda kwa kuogopa simu ya Dar? Na upande wa chini hakuna cha kukutisha, apa sekondi, daraja linalofuata chini ya la kwanza, inaanzia 3.5, kwa hesabu hiyo hiyo mwaka wa tatu unahitaji wastani wa 2.3 tu kubaki ndani yake. Una nafasi pana sana mwanangu. Piga hesabu upya kwa kredit halisi za chuo chenu, ziko kwenye prospektasi, halafu mwandikie kaka kwenye karatasi, usibishane naye kwa simu.

Pesa pia iguse. Ada unalipa ya mwaka mzima, haiongezeki kwa kuwa umejaza nafasi ya opsheni na historia badala ya kodi. Nafasi ni ile ile, ulitakiwa kuijaza na kitu.

Kodi. Kaka yako hajakosea kuiona muhimu, mhasibu asiyejua kodi atapata shida. Lakini kodi ya msingi bila shaka mnaisoma kama kozi ya lazima kwenye digrii yenu, na ukija kufanya mitihani ya NBAA, hiyo bodi ya wahasibu, kutafuta CPA, cheti cha uhasibu wa kitaaluma, kodi iko pale pale inakusubiri, utaisoma tena kwa kina na kwa sheria za mwaka huo, maana Sheria ya Fedha inapitishwa kila mwaka na viwango vinabadilika. Hiyo historia kwa lekchara yule, ukiiacha mwaka wa tatu, utaipata wapi tena? Ukishaanza kazi hakuna atakayekupa ruhusa saa nne asubuhi ya Jumanne ukasikilize mambo ya misafara. Mimi hapo ndo nashikilia sana. Chuo ndiyo sehemu pekee utakayopita maishani ambapo mtu aliyesoma jambo moja kwa miaka 20 anasimama mbele yako kila wiki anakueleza, na unaruhusiwa kunyoosha mkono ukamuuliza.

Kifaransa hapo pananiuma kidogo, maana kwa mtu wa Kigoma kina maana kubwa. Mnakaa na Burundi huku na Kongo ng'ambo ya ziwa, Burundi imo Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007 na Kongo imeingia 2022, mizigo inavuka kila leo, na hapo Kibirizi wewe mwenyewe unawasikia Wakongo. Kuongea nao mnaongea Kiswahili vizuri tu, makaratasi yao ndiyo ya Kifaransa. Lakini semista moja ya Kifaransa cha kuanzia, darasani mko wengi, utatoka unajua kusalimia na kuhesabu, hutatoka unasoma ankara. Lugha inataka muda mrefu na watu wa kuongea nao, na watu hao wako hapo nyumbani kwenu. Ukitaka Kifaransa kweli anza likizo hii hii, tafuta Mrundi au Mkongo mwenye subira umlipe kidogo, jioni tatu kwa wiki. Kozi ya chuo ichukulie baadaye kama bado kiu ipo.

Sasa nisemee hili la kuona aibu kupenda kozi isiyo yako, maana naandikiwa sana na vijana na wote wanaandika kwa sauti ya mtu aliyekosa. Huku kwetu mfumo wa chuo tuliurithi Uingereza, chuo cha Dar es Salaam kilipoanza 1961 kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na Waingereza mtindo wao ni unaingia kwenye somo lako tangu siku ya kwanza unalisoma hilo mpaka unatoka. Marekani wanafanya tofauti, vyuo vyao vingi mwanafunzi halazimiki hata kutaja fani yake mpaka mwaka wa pili, na hata akishaitaja analazimishwa kuchukua kozi za nje, mtu wa fizikia anasoma muziki, mtu wa biashara anasoma nyota. Pale Harvard ni Charles Eliot, aliyekiongoza kuanzia 1869, ndiye aliyepanua sana uhuru wa mwanafunzi kujichagulia kozi, na vyuo vingi vikafuata. Sisi wenyewe baada ya Azimio la Arusha la 1967 tulikubali kwamba injinia na mwanasheria wote wakae kusoma Maendeleo, ile DS mnayoilalamikia. Kwa hiyo kusoma nje ya fani sio utoro, ni jambo ambalo watu wazima walikaa wakaliwaza.

Mimi nilisomea ualimu wa hesabu. Nikachukua kozi moja ya botania, na mwalimu wetu alikuwa mtu wa porini, darasani hatulii. Akatupeleka kwenye miombo akatupa tunda la mninga mkononi. Ulishawahi kulishika? Bapa, mviringo, upana wa kiganja, pembeni ubawa mwembamba mkavu unaozunguka kote, katikati kuna kifundo kimejaa miiba inayochoma vidole. Akachanja gome kidogo kwa kisu, ukatoka utomvu mwekundu kama damu. Mimi nimezaliwa hapa Tabora, vitanda vya kwetu ni mninga, milango ni mninga, asali tuliyolambia uji ilitoka kwenye pori hilo hilo, na sikuwahi kujua kwamba ile miombo inavyogeuka rangi ya shaba mvua haijanyesha hata tone ni majani mapya yanayochipua, nilikuwa najua ni ukame unaunguza. Ile kozi haikuniongezea mshahara hata senti, hesabu nimefundisha vile vile. Ila kila mwezi wa tisa mpaka wa kumi natoka kuangalia yale majani, na furaha niliyonayo hakuna aliyenilipa wala atakayeninyang'anya.

Ndo maana sitaki umtetee Mirambo kwa kaka kwa kusema eti historia itakusaidia kwenye uhasibu. Inawezekana itakusaidia, hiyo asainmenti yako ya hesabu za msafara ni kitu kizuri sana, ningekuwa lekchara wako ningekuomba uiendeleze, maana ndani yake kuna mtaji, kuna ushuru wa njiani, kuna mishahara, kuna mzigo unaopoteza thamani kwa sababu ya chaguo la watu wa soko la mbali. Lakini ukianza kuitetea kwa faida, siku faida isipoonekana utakosa cha kusema. Mwambie kaka ukweli: naipenda, haiharibu GPA, hesabu hii hapa, na kozi zangu za uhasibu sijaziacha nyuma. Hilo la mwisho lazima liwe kweli.

Kuhama programu, hapana. Kwanza mambo ya kuhama mara nyingi yanafanyika mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, wewe unaingia wa tatu, ukianza upya mkopo nao unaingia kwenye maswali. Pili, kupenda kozi moja kwa mwalimu mmoja sio sawa na kutaka kuishi nayo, na kwenye barua yako yote sijaona mahali unaposema unauchukia uhasibu. Umeona shanga ukakumbuka ubadilishaji wa fedha, umeona msafara ukauliza nani anatunza vitabu. Huyo ni mhasibu anayependa historia, na watu wa namna hiyo wanahitajika. Maliza digrii, ukitaka masta ya historia ya uchumi baadaye mlango huo upo na unaweza kuusogelea taratibu.

Haya, mambo ya kufanya chuo kikifungua. Wiki ya kwanza kabisa kaangalie ratiba, hakikisha historia haigongani na kozi ya lazima, ikigongana usidanganyike kwamba utaomba desa, yaani notsi, kwa wenzako, lazima ndiyo inashinda. Kuna dirisha fupi mwanzoni mwa semista la kubadilisha kozi kwenye mfumo, likifungwa limefungwa, watu wanalia kila mwaka. Na ikitokea haiwezekani kabisa kuisajili, mfuate lekchara ofisini umuombe ukae darasani bila kusajiliwa, hutafanya mtihani, haitaingia kwenye GPA, wengi wao wanafurahi mno kuombwa hivyo maana wamezoea wanafunzi wanaouliza mtihani utatoka wapi tu. Muulize pia majaribio yanafanyika lini, yasije yakaangukia wiki moja na ya kozi ya ukaguzi wa hesabu.

Na usichague kozi kwa sifa ya A za kuokota, hata ukikosa nafasi ya historia. Ulizia mwalimu ni nani, anafika darasani au hafiki, anatoa kazi za kufikiria au anasoma slaidi zake mpaka muda unaisha. Kozi ya kawaida kwa mwalimu anayeipenda inazidi kozi tamu kwa mwalimu aliyechoka.

Likizo bado ipo, kwa hiyo kuna kazi moja haihitaji chuo kifunguliwe. Rudi Ujiji kwa bibi na simu yenye chaji. Omba ruhusa kwanza, muwekee simu karibu na mdomo sio mbali, zima feni, muache aongee bila kumkata, hasa hiyo habari ya bibi yake aliyevushwa ziwa. Hiyo ni habari nzito na inawezekana anaisema kwa mara ya kwanza, akinyamaza na wewe nyamaza, usimharakishe, mkiishia njiani mtaendelea siku nyingine. Muulize majina yote anayoyakumbuka, hata yale ambayo hana uhakika nayo, muulize walifikia kwa nani Ujiji, walikuwa wanakula nini, wanalima au wanauza nini. Shanga zipige picha kwenye mwanga wa asubuhi pamoja na rula pembeni. Tuma nakala kwa mtu mwingine wa familia siku hiyo hiyo, simu zinaibiwa. Na umchukue mzee wako mwende naye, mstaafu wa reli ana muda na hiyo habari ni ya kwao pia, hatakwambia tena umsikilize kaka kabla hajakaa akamsikiliza bibi.

Kaka nae mpigie, sio wa kuogopa. Anakulipia ada, ana haki ya kujua unasoma nini na kwa nini. Mtumie ile asainmenti aisome.

Anti, Tabora